Bei ya Mhuri

Leo tunaiangalia fedha ambayo mgeni huitoa kabla hajaonja hata kikombe cha chai nchini mwako, yaani ada ya viza. Ukiziuliza serikali ada hiyo ni ya nini, jibu huwa tayari: ni gharama ya kazi. Kuna mitambo ya kuendesha, kuna stika za kuchapisha, kuna maafisa uhamiaji wanaosubiri mshahara. Ni jibu la heshima, lakini historia hailiungi mkono. Kwa zaidi ya miaka 100 bei ya viza imekuwa ikipanda na kushuka kwa kutazama bendera iliyo juu ya pasipoti: huyu tunamtamani, yule tunamwogopa, na mwingine serikali yake ina deni kwetu.

Turudi mwaka 1920. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, msafiri aliweza kuvuka mipaka mingi ya Ulaya Magharibi bila pasipoti mfukoni. Vita vikaleta vizuizi, na vizuizi vikakataa kuondoka na vita. Oktoba mwaka huo wajumbe walikutana Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, wakapendekeza pasipoti iwe kijitabu cha kurasa 32, na ada ya viza ya kuingia isizidi faranga 10 za dhahabu, yaani kama dola 2 za Marekani wakati huo. Kwa mtu anayepita njia tu, faranga 1. Lakini Juni mwaka huohuo Marekani ilikuwa imekwisha pitisha sheria ya kutoza dola 10: dola 1 ya kupokea maombi na dola 9 za viza yenyewe. Nchi kadhaa za Ulaya zikajibu kwa kumtoza Mmarekani dola 10 vilevile. Mwaka 1925 Bunge la Marekani likaruhusu ada ipunguzwe kwa raia wa nchi ambazo nazo zingewapunguzia Wamarekani. Katika mvutano wote huo, bei ya wino na karatasi haikuwa hoja ya mtu yeyote. Serikali zilikuwa zikijibizana, na aliyelipia majibizano hayo ni abiria aliyesimama dirishani na sanduku lake.

Mazoea hayo hayajafa. Mjerumani akishuka Dar es Salaam kwa matembezi hulipa dola 50 kwa viza ya kawaida. Mmarekani aliyekaa kiti cha pili yake ndani ya ndege hulipa dola 100. Mtetezi wa utaratibu huu atasema Mmarekani hapunjwi, kwani viza yake ni ya mwaka mzima na humruhusu kuingia mara nyingi. Kweli, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila huyo Mmarekani anayekuja kupanda Kilimanjaro mara moja katika maisha yake haruhusiwi kuchagua ile ndogo ya dola 50. Duka linalomlazimisha mteja kununua gunia wakati anataka kibaba haliwezi kusema linauza kwa bei ya gharama.

Kwa majirani zetu upande wa hamu unaonekana wazi zaidi. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii Kenya, kisha msukosuko wa fedha duniani ukawabakiza makwao. Mwaka 2009 Kenya ikakata ada kutoka dola 50 hadi 25. Wageni waliporudi, mwaka 2011 ada ikarudi 50. Kazi ya afisa pale uwanjani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njaa ya mwenye nyumba. Uganda nayo Julai 2015 ilipandisha ada kutoka dola 50 hadi 100, wakati tayari kulikuwa na viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza 2014, kwa dola hizohizo 100. Yaani aliyetaka kuona sokwe wa Bwindi peke yake alitakiwa kulipa sawa na anayezunguka nchi tatu kwa siku 90. Hesabu hiyo haikuweza kusimama, na mwaka uliofuata Uganda ikarudi kwenye 50.

Wapo wanaosema haya yote ni kelele, kwa sababu mtu anayelipia maelfu ya dola kwa safari ya kuona wanyama hawezi kushtushwa na dola 50. Kwa huyo, sawa. Lakini mipaka haivukwi na watalii wa Serengeti peke yao. Desemba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Badala yake kila mmoja angeomba kibali cha kielektroniki kabla ya safari, kwa dola 30. Mmarekani aliyekuwa akilipa 50 akapata nafuu. Raia wa Malawi, aliyekuwa akiingia bila viza wala senti, sasa akatakiwa kujaza fomu, kupakia picha na kulipa. Mlango ulitangazwa kuwa wazi kwa dunia nzima, na jirani akakuta kizingiti ambacho jana hakikuwepo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa, lakini malalamiko ya Waafrika wengine yalisikika, na Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Kenya likaidhinisha kuwaondolea kibali hicho raia wa karibu Afrika yote.

Nimesema karibu, kwa sababu Somalia na Libya ziliachwa nje kwa sababu za usalama. Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapokaa, na silikatai: Kenya imepoteza watu wake katika mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Garissa, na serikali inayopuuza hilo haifai kuitwa serikali. Bado, kumchunguza mtu na kumtoza ni kazi mbili tofauti. Jina linaweza kukaguliwa bure, na dola 30 hazijawahi kumzuia mwenye nia mbaya. Kisha tazama kalenda: Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, bendera yake ikapandishwa Arusha pamoja na nyingine saba. Miezi kumi baadaye orodha ya Nairobi ilipotoka, Mganda na Mtanzania walipewa miezi sita ya kukaa bila kibali. Msomali, mwanajumuiya mwenzao, alibaki kwenye mstari wa kuomba.