Mafuriko, Gharika na Mlau: Mandhari na Majira ya Bonde la Rufiji katika Lugha

Katika Kiswahili cha magazeti na redio, neno mafuriko huandamana na maneno ya msiba: janga, waathirika, maafa, misaada. Mtu aliyekulia Dodoma au Dar es Salaam hana sababu ya kulitilia shaka neno hilo, kwani hivyo ndivyo alivyolisikia tangu utotoni. Mkulima wa bonde la chini la mto Rufiji naye hulisikia neno hilo hilo mwezi wa Machi, lakini swali linalomjia si lile linalomjia msomaji wa gazeti. Yeye huuliza: yatakuwa makubwa kiasi gani, na yataondoka lini? Kwake yeye, mwaka ambao maji hayakupanda si mwaka wa heri hata kidogo.

Mhadhara huu unakusudia kuieleza tofauti hiyo. Si tofauti ya lafudhi wala ya msamiati wa kufurahisha wageni. Imewahi kuamua watu wakae wapi, walime nini, na nani asikilizwe panapozungumzwa habari za mto.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Bonde zima la Rufiji, pamoja na mito inayouingia, lina eneo la takriban kilometa za mraba 177,000, yaani kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto huanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu inapokutana, karibu na maporomoko ya Shughuli. Ruaha Mkuu huungana nao mbele kidogo, kabla maji hayajabanwa katika korongo ambalo kwa muda mrefu ramani zililiita la Stiegler. Likishatoka korongoni, bonde hutanuka ghafla. Vilima hubaki nyuma, na mto hujipinda-pinda katika uwanda wa mchanga na tope, ukiacha pembeni maziwa madogo kama Ruwe na Utunge, ambayo hujazwa upya kila maji yanapopanda vya kutosha. Kando yake husimama mivumo na mikoche, na palipo na udongo mzito hutanda nyasi ndefu. Kuanzia Mloka hadi Utete, mtu aliyesimama ukingoni mwezi wa Oktoba huona mchanga mwingi kuliko maji, viboko wamejikusanya mahali penye kina, na mitumbwi ikisukumwa kwa upondo. Mtu huyo akirudi Aprili, atadhani amepelekwa mahali pengine.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba maji hayo ya Aprili si ya mvua ya hapo. Bonde la chini, likiwa karibu na pwani, lina misimu miwili ya mvua kama inavyofundishwa shuleni: vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Lakini nyanda za juu zinakotoka maji zina msimu mmoja tu mrefu, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Kwa hiyo mkulima wa Mohoro hulima kwa kutegemea mvua mbili: ile inayomlowesha yeye mwenyewe, na ile inayonyesha mbali, katika milima ya Udzungwa na mbuga za Kilombero, ambayo humfikia ikiwa imekwisha kuwa mto. Hata mito hiyo haichangii sawasawa. Kilombero una chini ya robo ya eneo la bonde zima, lakini hutoa zaidi ya nusu ya maji yake. Ruaha Mkuu una karibu nusu ya eneo, nao hutoa sehemu ndogo. Tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi hata ndani ya hifadhi iliyopewa jina lake.

Kiswahili cha pwani kina hazina kubwa ya maneno ya majira, na nyingi imejengwa juu ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba, na kutokana na majina ya pepo hizo, kwa kuongeza kiambishi -ni cha mahali, yakapatikana majina ya pande mbili za dunia. Kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka. Demani ni kipindi cha kusi inapolegea. Hiyo ni kalenda ya baharia. Mtu anayeingoja jahazi hahitaji kujua tope limekauka kiasi gani. Ukiingia bondeni, kalenda hiyo haifutwi, bali hupandishiwa nyingine ambayo mwenye nguvu ndani yake si upepo bali mto.

Katika kalenda hiyo ya pili ndimo limo neno mlau. Mwaka wa kilimo huanza na vuli, Novemba au Desemba, mahindi na mpunga vikipandwa katika shamba moja. Mahindi yanapaswa kuvunwa Februari au Machi, kabla maji hayajafika; mpunga hubaki, nao huinuka kadiri maji yanavyoinuka, mradi yasipande kwa kasi ya kuuzamisha. Maji hufikia kilele kwa kawaida mwezi wa Aprili. Yakishapungua, kuanzia Mei na Juni, mpunga huvunwa, na papo hapo, katika tope bichi lililoachwa na mto, hupandwa mahindi mengine, kunde, maboga, na zamani pamba kwa wingi. Mazao hayo ya pili ndiyo mlau. Humea bila mvua, kwa unyevu uliomo ardhini peke yake, wakati ambapo vijiji vya juu vimekauka kabisa. Utaratibu huo uliandikwa mapema: H. Marsland aliueleza mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kichwa cha makala yake kikalibakiza neno mlau kama lilivyo. Inaelekea hakuona neno la Kiingereza la kulitosha, na hapo alikuwa na busara kuliko wengi waliomfuata.

Mlau hauwezi kuwapo bila mafuriko. Hapa ndipo isimu inapolazimika kuliangalia neno hili la pili kwa makini. Mafuriko limetokana na kitenzi furika, ambacho kina uhusiano na fura, yaani kuvimba au kutuna. Kitu kinachofurika ni kile kilichojaa kikapita ukingo wake. Ndani ya shina hilo hamna kifo wala hasara; moyo unaweza kufurika furaha, na soko likafurika watu. Kiswahili kilikuwa na neno jingine la maji yanayoua, nalo ni gharika, lililotoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzama. Gharika ni ya Nabii Nuhu. Wazungumzaji walikuwa, basi, na maneno mawili kwa mambo mawili: maji yanayozidi ukingo, na maji yanayozamisha. Katika Kiswahili sanifu cha habari na cha ofisi, gharika imebaki katika lugha ya dini na ya fasihi, na mafuriko yamebebeshwa mizigo yote miwili. Badiliko kama hilo la maana ni la kawaida katika lugha zote, na si kosa la mtu. Ila lilipoingia katika sera, lilizaa matokeo.

Mwaka 1968 mto ulipanda sana. Serikali, ikiona mashamba na nyumba katika maji, iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vipya vya nyanda za juu, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji za 1973 hadi 1976 zilizoienea nchi nzima. Nia ilikuwa njema, na haifai kuibeza: maji yalikuwa yameleta hasara kweli, na huduma za shule, zahanati na barabara zisingeweza kumfuata kila mtu katika kila tuta la mto. Lakini mpango ulimwona mkaaji wa bonde kama mtu anayeishi ndani ya hatari kwa ukosefu wa mahali pengine. Haukumwona kama mtu aliyeufuata mto kwa makusudi. Nyumba zilihamishwa, udongo haukuhamishika. Ardhi ya vijiji vipya ilikuwa ya mchanga, isiyo na mlau. Wenyeji wakaendelea kushuka bondeni kulima, wengine kwa mwendo wa saa nyingi, na kukaa miezi katika madungu.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu hulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe mwitu, na ambamo maji yakipanda humpita chini ya miguu. Mgeni huliona kama ishara ya umaskini. Kwa hakika ni jibu la mjenzi kwa nchi ambayo kila mwaka hubadilika kuwa maji, na kwamba neno hilo linasikika bondeni hadi leo kunaeleza jambo ambalo ripoti za uhamisho hazikulieleza. Mwaka 1974 maji yalipanda tena kwa ukubwa wa kutisha. Han Bantje, aliyechunguza njaa na mafuriko ya wilaya hiyo katika karne moja iliyoishia 1980, aliangalia ukosefu wa maji na wingi wake kwa pamoja. Ukame nao una sehemu yake katika historia ya njaa bondeni, ingawa kwa kawaida hauitiwi helikopta.

Kuna sadfa moja inayostahili kutajwa. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilichapishwa 1969, wakati uhamisho ukiendelea. Kiini chake ni maji: Kinjikitile wa Ngarambe, mtu wa historia, alisemekana kuingia majini na kutoka akiwa mkavu. Wanafunzi wa fasihi wameisoma kwa zaidi ya nusu karne kama habari ya imani na umoja, na ndivyo ilivyo. Pengine ingesomwa vizuri zaidi na mtu anayejua kuwa katika nchi hiyo maji yalikuwa yakisubiriwa kila mwaka kama mgeni mwenye zawadi.

Chini zaidi, mto hugawanyika na kuingia baharini mbele ya Mafia, katika delta yenye msitu mkubwa wa mikoko. Huko kalenda ya tatu huingia. Bamvua na maji mafu, maneno ya mwezi na bahari, huamua chumvi itapanda hadi wapi, na mto huamua itarudishwa hadi wapi. Kila mti una jina na mahali pake: mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, mlilana, na mkoko wenyewe, ambao boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto imeelekea matawi ya kaskazini ya delta, na mpunga ukaanza kulimwa mahali palipokuwa pa chumvi. Mto ulibadili njia yake, na ramani ya mashamba ikabadilika nao bila amri ya ofisi yoyote.

Sasa mto huo una bwawa. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, katika lile korongo lililotajwa, ulianza 2019. Kujazwa kwake kulianza Desemba 2022. Mashine ya kwanza iliingizwa katika gridi Februari 2024, na zote tisa, zenye jumla ya megawati 2,115, zilikuwa zimekamilika kufikia 2025. Nchi ilihitaji umeme, na hoja hiyo haina mshindani mwepesi. Lakini umeme hupenda maji yanayotoka kwa kipimo kilekile mwaka mzima, na mlau hutaka kinyume chake: wingi mwezi wa Aprili, upungufu mwezi wa Juni, na tope. Tope hutua katika maji yaliyosimama, na bwawa ni maji yaliyosimama.

Aprili 2024, katika mwaka wa mvua nyingi za El Niño, maji yaliingia vijijini katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu waliathirika. Palizuka mjadala: je, maji yaliyofunguliwa bwawani yaliongeza mafuriko? Mamlaka zilieleza kwamba bwawa lilikuwa limezuia maji mengi ambayo yangekuja yote kwa pamoja. Wanaisimu hawana vyombo vya kuamua hesabu hiyo. Wanachoweza kukiona ni kwamba pande mbili zilitumia neno moja. Mhandisi aliposema mafuriko yamepunguzwa, alitangaza mafanikio. Mkulima aliyasikia maneno hayohayo akiwa na shamba lililosombwa mwaka huo, na akiwa na sababu ya kuhofia miaka ijayo ambayo mto hautapanda kabisa. Hasara ya kwanza ina jina katika fomu za maafa. Ya pili haina.

Kazi ya Taaluma za Kiswahili hapa ni ndogo lakini ina tarehe. Mhandisi huyapima maji kwa mita za ujazo kwa sekunde; mkulima huyapima kwa mahali yalipofika na siku yalipoondoka, na kwa vipimo hivyo ana maneno, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kindengereko, Kimatumbi na Kiruihi, yaliyoingiliana kiasi kwamba msemaji hajali mpaka uko wapi. Maneno ya maji ya kwanza, ya maji yanayorudi nyuma, ya udongo wa ukingoni na udongo wa mabwawani, ya mpunga unaovumilia kuzama na usiovumilia, hayajakusanywa mahali pamoja na kupewa maelezo ya kamusi. Yakikusanywa leo, msemaji ataulizwa nayo yana maana gani, na ataonyesha shamba. Watu wa kuulizwa kwanza ni wale waliolima mlau kabla ya Desemba 2022.