Riba ya Akiba Katika Nyumba Yenye Mshahara Mmoja



Hadi mwanzoni mwa Aprili 1990, mke aliyeishi na mumewe nchini Uingereza hakuwa na riba yake mwenyewe machoni pa mtoza kodi. Hata fedha alizorithi kwa mama yake zikizaa benki, faida ilihesabiwa ya mume na kutozwa kwa kiwango cha mume. Ruhusa ya miaka ya 1970 ya kutenganisha mishahara ya wanandoa haikuigusa riba. Waziri wa Fedha Nigel Lawson alitangaza mageuzi katika bajeti ya 1988, na miaka miwili baadaye kila mwanandoa akaanza kutozwa peke yake.

Unafuu ninaouzungumzia jioni hii, wa kuweka akiba kwa jina la mwanandoa asiye na mshahara ili riba yake isitozwe kodi, ulizaliwa hapo. Wengi huuona ni ujanja wa wahasibu. Mimi nauona ni haki ya mwanandoa asiye na mshahara, ila haki hiyo haikamiliki mpaka fedha ziwe zake kweli.

Tuchukue nyumba ambamo mume analipwa pauni 60,000 kwa mwaka na mke analea watoto. Wana akiba ya pauni 100,000 inayoleta riba ya asilimia 4, yaani pauni 4,000. Ikiwa yote iko kwa jina la mume, pauni 500 za kwanza za riba hazitozwi. 3,500 zilizobaki hutozwa asilimia 40. Zinaondoka pauni 1,400. Wakiiweka katika akaunti ya pamoja, riba hugawanywa nusu kwa nusu, na kodi ya mume hushuka hadi pauni 600. Ikiwa akiba ni ya mke, hakuna kodi hata senti.

Sababu ni kwamba mke ana nafasi tatu zinazopangana. Kwanza pauni 12,570 ambazo kila mtu huruhusiwa kupata bila kodi ya mapato. Juu yake pauni 5,000 za riba zinazotozwa kwa kiwango cha sifuri, kisha pauni 1,000 nyingine za riba. Jumla ni 18,570. Akipata kibarua, nafasi ile ya 5,000 hupungua pauni kwa pauni kadiri mshahara wake unavyopita 12,570: akilipwa 15,000, hubaki 2,570. Faida inayolipwa na benki za Kiislamu imewekwa katika hesabu hiyohiyo tangu sheria ya fedha ya 2005, kwa hiyo mwenye kuikwepa riba kwa imani yake hakosi unafuu huu.

Nyumbani Afrika Mashariki suala hili halina uzito huo. Benki ya Kenya hukata asilimia 15 ya riba, ya Tanzania asilimia 10, kabla mteja hajaiona, na kwa mwekaji wa kawaida hesabu huishia hapo. Uingereza ukataji huo ulikoma Aprili 2016. Tangu hapo jina la mwenye akaunti ndilo linaloamua.

Na jina peke yake halitoshi. Sheria inataka zawadi kamili. Mume akihamisha fedha kwa makubaliano kwamba riba itarudi mfukoni mwake, au kwamba atazidai apendapo, riba hiyo bado ni yake na kodi ni yake. Mke awe na uwezo wa kuzitumia, kuzihamisha, hata kumnyima mumewe. Nalipenda sharti hili kuliko unafuu wenyewe. Mtu aliyeacha kazi ili alee watoto au auguze wazee huishi miaka mingi akiomba hela ya matumizi. Hapa serikali inamwambia mwenzake kwamba punguzo litapatikana pale tu atakapommilikisha. Anayeogopa kummilikisha mkewe basi alipe kodi yake.

Linaloniuma ni jingine. Mwenye riba ya pauni 17,000 na asiye na kipato kingine halipi kodi yoyote. Mfanya usafi anayelipwa mshahara wa pauni 17,000 hulipa kodi ya mapato pauni 886, na michango ya bima ya taifa juu yake. Nyumba isiyo na akiba, ambamo mume analipwa pauni 30,000 na mke hana kipato, huruhusiwa kuhamisha pauni 1,260 tu za nafasi ya mke ambayo hakuitumia. Punguzo lake ni pauni 252 kwa mwaka. Nafasi yote ya mke ingehamishika, punguzo lingekuwa pauni 2,514. Wapo wanaohofia kwamba hatua hiyo itawarudisha wanawake chini ya fomu za waume zao, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana napendekeza Bunge la Uingereza liruhusu uhamisho huo, kisha punguzo lilipwe moja kwa moja katika akaunti ya yule aliyetoa nafasi yake.