Mwanga Laini kwa Karatasi Moja: Mazungumzo na Walaji



Katika maduka ya vifaa vya kamera huuzwa vifuniko vyeupe vya plastiki vinavyosifiwa kuwa hulainisha mwanga wa flashi. Kabla hamjatoa fedha zenu, ni haki yenu kuelewa vifuniko hivyo hufanya kazi gani, na kwamba mara nyingi kazi hiyo huweza kufanywa na karatasi moja nyeupe.

Uso wa flashi ni mdogo, na mwanga utokao mahali padogo huchora vivuli vyenye kingo kali. Pua huangusha kivuli shavuni, paji la uso hung'aa, na kivuli cheusi huonekana ukutani nyuma ya mtu. Mwanga ukitoka eneo pana, humfikia mtu kutoka pande nyingi na kingo za vivuli hufifia. Kwa hiyo, kinacholainisha mwanga ni upana wa chanzo chake, wala si weupe wa kifuniko. Kifuniko chenye ukubwa wa flashi yenyewe husaidia chumbani kwa sababu hutawanya mwanga, ukagonga dari na kuta, kisha ukarejea. Uwanjani pasipo dari wala ukuta, hupunguza tu nguvu ya flashi na kumaliza betri.

Ikiwa flashi yenu ni ya kupachikwa juu ya kamera na kichwa chake hugeuka, kielekezeni juu. Chukueni karatasi ngumu nyeupe ya A4, muifunge nyuma ya kichwa hicho kwa mpira wa kufungia noti, ncha yake ya juu ikiinama mbele kidogo. Sehemu ya mwanga itagonga dari, na sehemu itarudishwa na karatasi usoni, ili macho yasibaki gizani. Dari iwe nyeupe, kwani dari ya kijani huitia ngozi rangi hiyo. Ikiwa flashi imo ndani ya kamera, shikeni karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, sentimita 5 hivi mbele yake, bila kuziba lenzi.

Nguvu ya mwanga itapungua. Kumbukeni kwamba umbali ukiwa maradufu, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Basi msogeleeni hadi mita 2 hivi, au mpandishe ISO, kwa mfano kutoka 200 hadi 800.

Kuhusu usalama, karatasi isigusane na kioo cha flashi, kwani kuifyatua mara nyingi mfululizo huleta joto linaloweza kuunguza karatasi au kuyeyusha plastiki. Kamwe msiifungue flashi kwa bisibisi, hata ikiwa imezimwa. Kapasita iliyomo huweza kuhifadhi umeme unaozidi volti 300, nao ni hatari kwa maisha.

Mkiamua kununua, mwombeni muuzaji awaruhusu kupiga picha mbili za mtu aliyesimama karibu na ukuta, moja kwa kifaa hicho na nyingine bila kifaa. Tazameni kingo za kivuli. Zisipotofautiana, fedha zenu zibaki mfukoni. Zikitofautiana nanyi mkaridhika na bei, daini risiti na kuitunza, maana ndiyo ushahidi wa kwanza wa mlaji anapowasilisha malalamiko.