Mkate wa Nyumbani na Nguo za Watoto Wetu

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya akina mama wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama, waume kwa wake.)



Tumetakiwa na tawi tuseme juu ya kazi mbili zinazofanywa kila siku majumbani mwetu, nazo ni kuoka mikate na kuwashonea nguo watoto wetu wadogo. Tunajua wako waliocheka waliposikia habari hii. Wamesema ati chama ni mahali pa kuzungumza siasa, si mahali pa kuzungumza hamira na vifungo. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na hao.

Ndugu zetu, siasa ni nini kama si chakula na mavazi ya watu? Nguo iliingia katika siasa za nchi hizi zamani sana. Baada ya Marekani kufanya mkataba wa biashara na Sultani wa Maskati na Unguja mwaka 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem waliyaleta majora ya pamba kwa wingi, na hata leo kitambaa kile tunakiita marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao mwaka 1861, majora yale yaliadimika huku kwetu, na wengine wa Uingereza na wa Bombay wakaishika nafasi yao. Mama wa pwani hakuijua vita ile, wala hakuulizwa, lakini ndiye aliyekikosa kitambaa cha kumvika mwanawe. Mtu akikuvika, siku akitaka hukuvua.

Sindano nayo imetumiwa kwa njia mbili. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya iliunda chama cha Maendeleo ya Wanawake. Akina mama walifundishwa kushona, kufuma na kuoka keki. Kazi hizo si mbaya hata kidogo. Lakini mwaka huohuo nchi ilitiwa katika Hali ya Hatari, na vikundi vile vikatumiwa pia kuwavuta wanawake wasiwaunge mkono Mau Mau. Tazameni basi: sindano ni ileile, bali aliyeishika alikuwa na shabaha yake.

Kwa upande wa Tanganyika, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake katika TANU mwaka 1955, aliwaendea kwanza katika vikundi vyao vya ngoma na lelemama. Wengi wao walikuwa wakijipatia fedha zao wenyewe kwa kuuza vitumbua, maandazi na vitu vingine vidogo vidogo. Hawakusoma sana, lakini walikuwa na fedha kidogo za mkononi na walizoea kukutana. Mwenye senti yake haombi ruhusa ya kununua kadi. Kwa hiyo anayeidharau karai ya maandazi anaidharau historia yetu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Tuanze na mkate. Mwaka 2022 vita vilipopanuka kule Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani, nasi tuliiona dukani. Kwa nini vita vya mbali vigeuze chai ya asubuhi ya mtoto wetu? Kwa sababu sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka ng'ambo. Hatusemi watu waache ngano. Tunasema tusiwe na mkate wa namna moja tu, hali wazee wetu walikuwa na namna nyingi.

Upo mkate wa kumimina, ambao hauna hata chembe ya ngano. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na iliki. Usage mpaka uwe laini kabisa, maana ukiacha chenga mkate utakuwa na mchanga mdomoni. Funika, uache uumuke mpaka utoe mapovu, kisha tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja. Pasha moto sufuria nzito iliyopakwa mafuta, mimina, na moto uwe wa kiasi. Vitundu vikianza kutokea juu, funika kwa kifuniko cha bati na uweke makaa juu yake, uyapunguze ya chini. Mkate utaiva kwa juu na kupata rangi. Jiko la umeme halihitajiwi hapa. Sufuria, makaa na subira vinatosha.

Wanaotaka maandazi, nusu kilo ya unga hutaka vijiko viwili vya chai vya hamira, sukari robo kikombe, na tui kiasi cha kikombe kimoja, likiongezwa kidogo kidogo mpaka unga ushikane bila ya kunata. Siri ni kukanda sana na kutoharakisha kuumuka. Mafuta yasiwe baridi, kwani andazi litayanywa, wala yasiwe ya kutoa moshi, kwani litaungua nje na ndani libaki bichi. Na kwa watoto wadogo tupunguze sukari. Mtoto hazaliwi na ulevi wa sukari, sisi ndio tunaomzoeza, kisha tunalalamika meno yakioza.

Wale wanaouza tunawaambia neno moja la hesabu. Wengi wanahesabu unga na sukari, wanasahau makaa, mafuta, maji na saa walizoamka alfajiri. Jioni wanaona fedha mkononi, wanadhani ni faida, kumbe wanaula mtaji. Nunua daftari. Andika kila kilichoingia na kila kilichotoka kwa muda wa mwezi mmoja. Pengine utagundua kwamba andazi lako linakulipa vizuri, pengine utagundua unawalisha majirani kwa hasara. Ukweli wowote kati ya hiyo ni bora kuliko kukisia.

Tuje kwenye nguo. Hapa tuseme kweli bila kuficha. Shati la mtoto la mtumba mara nyingi ni rahisi kuliko mita ya kitambaa kipya, acha uzi na kazi. Mama anayenunua mtumba si msaliti wa nchi. Ana watoto watatu na fedha za mmoja. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza mitumba mpaka ikome. Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya kuuza bidhaa kwake. Wengine tukarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa nguo ikasimamishwa. Kama serikali nzima zimesukumwa namna hiyo, nani atamlaumu mama sokoni?

Hata hivyo, kuna mengi yaliyo katika uwezo wetu. Pamba inalimwa hapahapa, Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa huuzwa nje kabla ya kufumwa. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China ili pamba yetu iwe nguo yetu, na kanga zake zilivaliwa na mama zetu. Viwanda vya namna hiyo vilidhoofika baadaye, na kuvifufua ni kazi ya nchi nzima. Lakini kiwanda kitashona nini kama hakuna mikono inayojua nguo? Ufundi ukipotea majumbani, hata kitambaa kikirudi hatutakuwa na wa kukikata.

Basi mama mwenye sindano aanze na alichonacho. Shati la mtu mzima la mtumba lenye kola iliyochakaa lina mgongo mzima, nao hutoa kaptura ya mtoto wa miaka mitatu. Kanga kuukuu ni laini kuliko kitambaa chochote cha dukani, na ngozi ya mtoto mchanga huipenda. Kanga moja ina upana wa mita moja na kidogo, urefu mita moja na nusu. Ukiikata vizuri, pindo la kanga liwe ndilo pindo la gauni, nawe umeokoa kazi ya kukunja na umepata urembo. Ila soma jina lake kwanza, usije ukamtembeza mtoto na fumbo ulilokuwa ukimrushia jirani!

Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, maana hurudi, na gauni lililokaa vyema leo litambana kesho. Mpime mtoto kwa uzi kifuani, kisha ongeza inchi nne ili apate kupumua na kucheza. Pindoni acha inchi mbili au tatu zilizokunjwa ndani. Akirefuka unafumua na kushusha, nguo inakwenda mwaka wa pili. Mshono wa kati wa kaptura pitisha mara mbili, kwani hapo ndipo inapopasuka. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa shingo yake, hivyo acha nafasi begani na utie kifungo. Kifungo hicho kikazwe barabara, maana mtoto hula kila kitu. Usitie kamba ya kufunga shingoni, ni hatari. Na mtoto anayezunguka karibu na jiko asivae mikono mipana inayoning'inia.

Wengine huogopa kwamba mtoto aliyevaa nguo ya kushonwa nyumbani atachekwa na wenzake. Tunauliza: nani aliyewafundisha watoto kucheka? Hapa pwani, sikukuu ya Idi ikikaribia, mafundi hawalali, na watoto wa nyumba moja hutoka wamevaa kitambaa kimoja, nao huringa. Mtoto huona haya pale anapoona mama yake anaona haya. Ukimvika kwa furaha, naye atavaa kwa furaha. Na kiraka kilichoshonwa kwa mstari ulionyooka si aibu.

Tuna neno pia kwa akina baba. Baadhi yenu mnaposikia wito wa kujitegemea mnaelewa kwamba mama aongezewe kazi. Ameteka maji, amelima, amepika, sasa aoke na kushona usiku kwa taa. Hatukuja kuomba hilo. Nendeni katika vibaraza vya mji wowote mkaone wanaokaa nyuma ya cherehani: wengi ni wanaume. Kama mwanamume aweza kushona kwa ajili ya wageni, aweza kumshonea mwanawe mwenyewe. Na asiyejua kushona aweza kukanda unga, kuna nuni ana mikono yenye nguvu. Watoto ni wa wote wawili.

Kwa hiyo tunaliomba tawi mambo matatu. Kwanza, tuchange tununue cherehani mbili za mkono, zikae ofisini, na kila mwanachama apate siku yake kwa orodha. Pili, Jumamosi moja kila mwezi wale wanaojua wawafundishe wasiojua, wasichana kwa wavulana, bila ya malipo. Tatu, wanaouza mikate wanunue unga na mafuta kwa pamoja, maana gunia ni nafuu kuliko kilo, na hesabu zisomwe hadharani kila robo mwaka. Fedha isiyosomwa huzaa maneno, na maneno huvunja vikundi.

Hayo si makubwa. Hayatafungua kiwanda kesho, wala hayatashusha bei ya ngano. Lakini mtoto atakayekula mkate wa mchele wetu, akavaa kaptura iliyokatwa na baba yake au mama yake, ataijua thamani ya kazi kabla hajaijua kalamu.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunangoja majibu ya tawi.