Daftari la Dawa kwa Mgonjwa wa Figo

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika za Bukoba na Muleba)



Tunapozungumzia ugonjwa wa figo, swali la kwanza huwa ni mashine ya kusafisha damu: iko wapi, na nani atalipa? Ni swali la haki. Lakini leo naomba tuzungumzie dawa, maana nazo zinaokoa na zinaumiza.

Nianze na jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo, mkulima wa Muleba, anasafishwa damu Mwanza. Alirudi kijijini kwa ajili ya msiba, akapata homa. Katika kituo cha jirani alichomwa sindano za gentamisini siku tatu, kwa dozi ya kawaida. Cheti chake kilibaki Mwanza; mimi niliyemsindikiza sikukikumbuka. Mhudumu hakuuliza, mgonjwa hakusema. Baadaye masikio yakaanza kuvuma, kisha usikivu ukapotea. Haujarudi.

Kwa nini ilitokea hivyo? Figo zenye afya hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Mashine, kwa utaratibu uliozoeleka wa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, hufanya kazi saa 12 tu. Dawa nyingi hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikishindwa, dozi ya kawaida hujikusanya na kuwa sumu. Ndiyo maana metformini ya kisukari husimamishwa, na insulini mara nyingi hupunguzwa. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua dukani kwa maumivu ya viungo, huweza kumaliza nguvu ndogo ya figo iliyobaki. Hata vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu si vya kumeza ovyo.

Kwa upande mwingine, mashine huondoa baadhi ya dawa pamoja na uchafu. Kwa hiyo baadhi ya antibaotiki hutolewa baada ya kusafishwa damu, si kabla. Baadhi ya vidonge vya presha daktari huvisogeza mbele siku ya mashine, kwani presha huweza kushuka mgonjwa akiwa kwenye mashine. Haitoshi kujua ni dawa gani. Ni lazima kujua ni kiasi gani na saa ngapi.

Sisi wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, tukumbuke pia ndugu zetu wanaotumia ARV. Dozi za tenofovir na lamivudini huhitaji kuangaliwa upya figo zikishindwa. Anayepanga ni daktari. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake.

Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, kila usharika umpatie mgonjwa wake daftari dogo. Ukurasa wa kwanza uandikwe: "Ninasafishwa damu. Figo zangu hazifanyi kazi." Zifuate siku zake za mashine, namba ya simu ya kitengo kinachomhudumia, na kila dawa pamoja na kiasi na saa yake. Lionyeshwe zahanati, hospitali na duka la dawa, kabla ya kupokea hata kidonge kimoja.

Pili, mjumbe mmoja amtembelee kila mwezi na kulipitia daftari pamoja naye. Dawa za miti shamba nazo ziandikwe, bila kumwaibisha mtu.

Tatu, ndugu wafadhili, mnapochangia mashine tengeni pia fungu la dawa. Figo zikishindwa, kichocheo cha kutengeneza damu hupungua, na mgonjwa huhitaji sindano za erithropoietini na madini ya chuma. Akizikosa, huishia kuongezewa damu mara kwa mara.

Siku hizi baba mdogo akija nyumbani huketi benchi la mbele kanisani, apate kutazama midomo ya mchungaji. Daftari lake limo mfukoni mwa koti. Tulilinunua tukiwa tumechelewa. Ninyi msichelewe.