Pua Huziba Kwanza Kabla ya Kufunguka

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi kuhusu upasuaji wa kupunguza nyama za ndani ya pua na namna ya kujiuguza nyumbani. Tumeyachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchukua maelezo ya wataalamu na kuyaleta kwenu kwa lugha tunayoielewa sote. Leo nina jambo moja kubwa: mtu akifanyiwa upasuaji wa kupunguza nyama za pua, pua yake itaziba zaidi siku za mwanzo kabla haijafunguka. Asiyejua hilo hudhani upasuaji umeharibika. Hukimbilia duka la dawa kununua matone, huacha kusafisha pua, au hupenga kamasi kwa nguvu mpaka damu ikatoka. Anayejua hutulia na kufuata maagizo. Tena huyo huyo ndiye atakayetambua mapema siku ambayo hapaswi kutulia.

Nyama za pua ni zipi?

Sisi hutumia neno hili moja kwa vitu vitatu, na mkanganyiko huanzia hapo. Cha kwanza ni adenoidi, nyama iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Hiyo husumbua zaidi watoto, na kwa kawaida hunywea mtoto anapokua. Cha pili ni polipi, uvimbe laini kama zabibu unaoota ndani ya pua. Cha tatu ndicho cha leo, nacho ni tabineti.

Tabineti kila mmoja wetu amezaliwa nazo. Ni vifupa vyembamba vilivyopinda, vilivyofunikwa na utando laini wenye damu nyingi, vikitokeza kwenye ukuta wa kando wa kila mwanzi wa pua. Kwa kawaida ziko tatu kila upande. Ya chini ndiyo kubwa, na mara nyingi ndiyo inayoziba njia ya hewa.

Zina kazi muhimu. Hupasha hewa joto, huitia unyevu na kunasa vumbi kabla halijafika mapafuni. Pia hupokezana zamu: za upande mmoja huvimba kidogo kwa saa kadhaa huku za upande wa pili zikinywea, kisha hubadilishana. Kwa hiyo ukihisi upande mmoja umebana asubuhi na mwingine jioni, huo peke yake si ugonjwa.

Shida huanza zikivimba na kubaki hivyo. Sababu kubwa ni mzio: vumbi la nyumbani, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokaa magodoroni, chavua, manyoya ya wanyama, na ukungu wa ukutani. Moshi wa kuni na wa sigara huzidisha. Mtu hulala mdomo wazi, hukoroma, huamka koo limekauka, na mchana anasinzia kazini.

Sababu nyingine tunainunua wenyewe. Matone ya kuzibua pua haraka, kama yale ya zailometazolini, hufanya kazi vizuri kwa siku chache. Ukizidisha wiki moja, pua huanza kuyategemea: dawa ikiisha nguvu, uvimbe hurudi mkubwa kuliko wa kwanza, nawe unaongeza tone. Wako watu walioyatumia kwa miezi wakidhani wanajitibu, kumbe dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaziba.

Dawa kwanza, kisu baadaye

Daktari wa masikio, pua na koo hatakupeleka chumba cha upasuaji siku ya kwanza. Ataanza na dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, vidonge vya mzio, kusafisha pua kwa maji ya chumvi, na ushauri wa kupunguza vumbi na moshi nyumbani. Dawa ya kupuliza haina haraka. Inahitaji kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa kabla hujasema imeshindwa. Wengi huiacha siku ya nne.

Upasuaji huja pale dawa zimetumiwa ipasavyo na pua bado imefungwa. Njia ni kadhaa. Ipo ya kutumia joto la umeme kunyweza nyama kutoka ndani, ipo ya kupunguza nyama chini ya utando bila kuuharibu, na ipo ya kukata sehemu ya tabineti. Kama ukuta wa katikati ya pua umepinda, daktari anaweza kuunyoosha siku hiyo hiyo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Lengo ni kupunguza, si kung'oa. Tabineti zikiondolewa kupita kiasi, mgonjwa anaweza kubaki na pua iliyo wazi kabisa lakini kavu, inayouma, na akajihisi hapati hewa. Madaktari huita hali hiyo ugonjwa wa pua tupu, na kuutibu ni kazi ngumu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, uliza: Ni nyama gani hasa mnashughulikia? Mtapunguza kiasi gani, na kwa njia ipi? Nitapewa ganzi au dawa ya usingizi? Nitarudi lini kuangaliwa, na nikipata shida usiku niende wapi? Kuuliza si kumkosea daktari heshima. Ni haki yako.

Mweleze nawe ukweli: kama una presha, kisukari, pumu au selimundu, kama una mimba, kama kwenu kuna watu wanaovuja damu kirahisi, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Aspirini huongeza uwezekano wa kutoka damu, lakini ikiwa umepewa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize daktari.

Siku kwa siku

Upasuaji wenyewe si mrefu. Mara nyingi huchukua chini ya saa moja, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Njoo na mtu wa kukurudisha. Aliyetoka kupewa dawa ya usingizi haendeshi gari wala bodaboda.

Siku mbili za kwanza: tarajia ute wenye damu kutoka puani, na pua iliyoziba kama ya mafua makali. Huenda ukawekewa shashi au sponji ndani ya pua, ambayo hospitali itaitoa baada ya siku moja au mbili. Usiivute mwenyewe. Utapumua kwa mdomo, kwa hiyo kunywa maji mara kwa mara. Damu ikishuka kooni iteme, usiimeze, kwa sababu damu tumboni huleta kichefuchefu. Lala kichwa kikiwa juu, kwenye mito miwili au mitatu.

Siku ya tatu hadi mwisho wa wiki ya kwanza: hapa ndipo wengi hukata tamaa. Utando wa ndani umevimba kutokana na upasuaji, na magaga ya damu na kamasi yanajikusanya. Unaweza kuhisi umeziba kuliko ulivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Pua haijaharibika, ni kidonda kinachopona. Usichokonoe magaga hayo, kwani chini yake kuna nyama mbichi.

Wiki ya pili na ya tatu: magaga hulainika na kutoka yenyewe, wakati mwingine na damu kidogo. Hewa huanza kupita, leo upande huu, kesho ule. Mwenye kazi ya kukaa ofisini mara nyingi hurudi baada ya wiki moja. Anayebeba magunia, anayelima au anayechota maji asubiri takriban wiki mbili, au mpaka daktari aseme.

Matokeo kamili huonekana baada ya wiki sita hadi nane, na kwa wengine miezi mitatu. Usiuhukumu upasuaji kabla ya hapo.

Maji ya chumvi ndiyo nusu ya dawa

Daktari atakwambia siku ya kuanza. Chemsha maji yatokote, yaache yapoe hadi vuguvugu. Chukua nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi kilichosawazishwa, koroga mpaka iyeyuke. Inama kidogo juu ya beseni, mdomo wazi, pitisha maji taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano au chupa maalumu. Rudia kwa idadi ya mara ulizoagizwa. Maji yaliyobaki mwaga, na kifaa kisafishe na ukianike.

Kuchemsha si hiari. Maji ya bomba, ya kisima au ya bauza yanaweza kuwa salama tumboni na yasiwe salama puani. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki kwa nyakati tofauti baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba inayoshambulia ubongo. Ni tukio la nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria na moto tu. Na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayachukui nafasi ya haya; chumvi yake hukuipima.

Ndugu zetu Waislamu wanaovuta maji puani wakati wa kutawadha, zungumzeni na daktari na pia imamu wenu kuhusu siku hizi za kidonda.

Mambo ya kuacha kwa muda

Usipenge kamasi kwa wiki mbili hivi, pangusa tu. Chafya ikija, fungua mdomo itokee huko. Usiinamie ndoo, usibebe mtungi wa lita 20, usisukume toroli. Mwogeleaji na mvuvi anayepiga mbizi wasubiri ruhusa ya daktari.

Usijifukize. Najua mwarobaini na mkaratusi vina heshima yake majumbani mwetu, lakini mvuke wa moto hupanua mishipa ya damu na unaweza kuunguza kidonda. Usipake mafuta makali ya mafua ndani ya pua. Sigara na ugoro viwe mbali kabisa: ugoro ni unga wa tumbaku unaoutia moja kwa moja juu ya jeraha. Miraa na muguka pia, kwa sababu hupandisha presha, na presha ikipanda kidonda huvuja. Ikiwa nyumbani mnapikia kuni, mgonjwa asikae jikoni; siku hizo apike mwingine.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kawaida inatosha. Usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani bila daktari kukubali. Na yale matone ya kuzibua pua, usiyatumie ila umeandikiwa.

Siku ya kutotulia

Damu ikitoka mbichi, kaa kitako, inamisha kichwa mbele. Wengi tulifundishwa utotoni kuinua uso juu. Hiyo hupeleka damu kooni. Bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, pumua kwa mdomo, bana dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Ikiwa bado inatoka, au inatoka kwa wingi, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni saa nane za usiku. Damu inaweza kurudi hata siku ya kumi, magaga yanapong'oka, kwa hiyo msilegee mapema.

Nenda pia ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya puani, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe kuzunguka macho, kuona kwa shida, au kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa. Usingoje tarehe ya kliniki.

Gharama, na baada ya kupona

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kujisajili pekee hakutoshi kwa upasuaji. Lazima michango yako iwe imelipwa. Pita kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya kupangiwa tarehe, uulize ni kiasi gani kitalipwa, kama kibali cha awali kinahitajika, na ni kipi kitatoka mfukoni mwako. Hesabu pia nauli ya kurudi kliniki na siku utakazokosa kibarua. Mtu asiyepanga hayo hurudi kubeba mizigo siku ya tano, na anaishia hospitali tena.

Mwisho, upasuaji hupunguza nyama, hauondoi mzio. Vumbi likiendelea na moshi ukiendelea, tabineti zinaweza kuvimba tena. Endelea na dawa ya kupuliza kama umeagizwa, anika godoro juani, fua mashuka kwa maji ya moto kila wiki, fungua madirisha ya jikoni.

Na kama unaye jirani au ndugu aliyetoka kupasuliwa wiki hii, mtembelee. Mchotee maji. Akikwambia, "Pua yangu imeziba kuliko zamani," usimwambie amedanganywa. Muulize ni siku ya ngapi, muulize kama ana damu au homa, kisha mkumbushe maji yake ya chumvi.

Sasa nakaribisha maswali, na yale yatakayohitaji daktari nitayaandika niyapeleke kwake.