Manjano Mbele ya Ofisi ya Hataza



India ni jirani yetu wa ng'ambo ya bahari. Mwaka 1995 Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikipa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi haki ya pekee, nchini humo, ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano, ile ile bizari ya mchuzi!

Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likaomba hataza hiyo ichunguzwe upya. Kusema kwamba mabibi walijua tangu zamani hakukutosha, kwani sheria ya Marekani ya siku zile haikuyahesabu matumizi ya nchi za nje pasipo maandishi. India ikapeleka karatasi badala ya hasira: maandishi 32, miongoni mwake makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yote yakakataliwa.

Mkaguzi anayekataa dai naye ana mzigo wake. Akisema sifa inayodaiwa imo ndani ya kitu cha zamani, ijapokuwa haikutajwa, hana budi kuthibitisha kuwa imo lazima na daima. "Yawezekana" si ushahidi. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani ilitengua uamuzi wa namna hiyo, katika shauri la vifungo vya nepi tu! Askari aliyepata kumfikisha mtu kortini kwa dhana tupu ataelewa upesi.

Akisema jambo lilikuwa wazi kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo, yampasa aeleze sababu iliyomwelekeza fundi huyo kuunganisha maarifa ya zamani. Mahakama Kuu ya Marekani ililegeza kipimo hicho mwaka 2007, lakini sababu bado yadaiwa.

Ulaya mambo yalikuwa mepesi kidogo, maana sheria yao huhesabu matumizi ya hadharani popote duniani. Hataza ya dawa ya kuvu itokanayo na mafuta ya mwarobaini, mti unaoota hata nyuani mwetu, ilifutwa mwaka 2000 baada ya mwenye kiwanda wa India kutoa ushahidi, na rufani ikashindwa mwaka 2005. Marekani nayo, kwa maombi yaliyopelekwa tangu Machi 2013, huhesabu matumizi ya nchi za nje.